Mafuta Juu ya Supu ya Koko

Kwenye ukuta wa duka langu pale Noonkopir, mjini Kitengela, nimetundika karatasi mbili zenye fremu. Ya kwanza ni diploma yangu ya ufundi wa mitambo ya baridi. Ya pili ni majibu ya maabara, na katikati yake pana namba niliyoizungushia kalamu nyekundu: 7.1. Wateja huuliza. Kuna mmoja aliyedhani ni alama ya mtihani akanipa hongera. Mimi huwaambia kwamba hicho ni kiwango cha kolesteroli iliyokuwa ndani ya damu yangu nikiwa na miaka ishirini na tisa, na kwamba mtu mwingine angeificha karatasi hiyo chini ya godoro. Mimi nimeitundika mahali pa wazi, karibu na diploma, kwa sababu zote mbili nilizitolea jasho.

Jasho nalijua. Nilisoma diploma huku nikiosha magari wikendi, mikono ikiwa imekunjamana kwa sabuni, halafu Jumatatu naingia darasani wa kwanza na kukaa mbele. Nikaenda Doha nikiwa na miaka ishirini na mbili. Miaka sita nilipanda juu ya mapaa kutengeneza viyoyozi katika joto linaloyeyusha soli ya kiatu. Wenzangu walirudi na televisheni kubwa. Mimi nilirudi na pampu, geji na mtungi wa gesi, nikafungua duka langu mwenyewe bila mjomba wa kunishika mkono. Leo ukila nyama safi kutoka bucha yoyote kati ya Kitengela na mji wa Kajiado, kuna uwezekano mkubwa kwamba friji iliyoihifadhi imepita mikononi mwangu.

Na hapo ndipo maneno yalipoanzia, kwenye bucha. Huku kwetu fundi wa friji haondoki mkono mtupu. Ukimaliza kazi, hata kabla ya kufunga sanduku la vifaa, mwenye bucha ameshakata mbavu na kuziweka kwenye makaa. Inaitwa nyama ya fundi. Ukiikataa anaona umeiacha friji na kisirani, kwamba itazima tena kabla jua halijatua. Kwa hiyo nilikula. Kuna siku nilitengeneza friji tatu, nikala mbavu mara tatu, na jioni nikapitia mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, kando ya barabara kwa sababu harufu yake iliniita. Nilikuwa na nguvu. Nilikuwa mwembamba hata, mashavu tu ndiyo yalikuwa yamejaa. Nilijiona nimeiva.

Jumamosi ilikuwa ya Koko. Koko kwa Kimaa ni bibi, na huyu ndiye aliyenilea katika boma lake nje ya mji wa Kajiado. Mama yangu alirudi kwao Entarara kulima baada ya baba kufariki, mimi nikabaki na Koko ili nisiache shule. Baba alikuwa mwanawe wa mwisho. Alianguka mnadani, akiwa amesimama wima, ameshika kamba ya fahali. Hakuwa ameugua hata mafua. Alikuwa na miaka arobaini na moja, mimi nikiwa na kumi na miwili. Tangu siku hiyo Koko amenilisha kama mtu anayeziba shimo.

Niliporudi kutoka Doha alichinja kondoo dume mwenye mkia mnene. Akauyeyusha mkia, akanipa bakuli la kwanza kabla ya wazee. Hiyo ndiyo heshima ya mtu aliyerudi. Nililinywa lote huku wananitazama, na mafuta yalinitiririka hadi kidevuni. Nakumbuka nikifikiri kwamba hakuna mtu Doha aliyewahi kunipa heshima namna hiyo. Basi kila Jumamosi iliyofuata alirudia, kwa kiasi kidogo.

Siku moja niliitwa kwenye kliniki ya hapa Kitengela kutengeneza friji ya maabara. Nafanya kazi huku nazungumza, ndiyo tabia yangu. Nilimwambia yule mama wa maabara kwamba sijawahi kulazwa, sijawahi kudungwa sindano tangu shule ya msingi, na kwamba Doha nilibeba kompresa begani ghorofa nne.

"Fundi," akasema bila kuinua macho, "mtu anayejisifu hivyo anafaa kupimwa. Kuja kesho asubuhi bila kula."

Nilikwenda. Nilikwenda kumwonyesha, kusema kweli. Nilikunja shati na kumpa mkono ulioumbika.

Daktari aliyenisomea majibu alikuwa msichana wa rika langu, mwenye miwani na sauti ya mtu asiye na haraka. Sukari nzuri, presha nzuri. Kisha akasema kolesteroli ni 6.8, na nyingi ni ile mbaya inayoganda kwenye mishipa.

"Baba yuko?"

"Alifariki."

"Na nini?"

"Alianguka tu. Mnadani."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Arobaini na moja."

Akaweka kalamu chini. Kalamu ile ndiyo iliyonitisha, si namba. Aliniambia ugonjwa wa namna hii unaweza kupita kwenye damu ya familia, kwamba mimi bado ni kijana, na kwamba angenipa miezi mitatu ya chakula na mazoezi, na kipimo kingine katikati. Ikishindikana, dawa, na huenda ikawa dawa ya maisha.

"Dawa si aibu," akasema. "Lakini nataka nione kwanza wewe mwenyewe unaweza kushusha mpaka wapi."

"Daktari, mimi nashusha joto la kontena nzima mpaka chini ya sufuri. Hiyo namba nitaishusha."

Akacheka. Mimi nilicheka pia, lakini nilipotoka nje nilisimama kwenye vumbi nikafanya hesabu. Arobaini na moja ukitoa ishirini na tisa ni kumi na mbili. Nikamfikiria Koko akiketi tena kando ya kaburi ndani ya boma lake, la pili mara hii. Nikasema hapana. Nilisema kwa sauti, mtu wa bodaboda akageuka kuniangalia.

Nilianza siku hiyo hiyo, na naapa sijawahi kufurahia kazi kama ile. Karibu na duka langu kuna mama Mkikuyu anayeuza mboga, mwenye mdomo mkali kama kisu chake cha kukatia sukuma. Nilimwomba anifundishe kupika maharagwe, ndengu na mboga ya managu kwa mafuta ya kijiko kimoja tu.

"Wewe?" akauliza. "Mmaasai mzima umekuja kunyang'anya ng'ombe majani?"

"Nifundishe tu, mama."

"Ng'ombe wenu wakijua watahama waende Tanzania." Lakini alinifundisha. Alinionyesha kuloweka maharagwe tangu jana yake, na jinsi nyanya na kitunguu vinavyoweza kufanya kazi ya mafuta ukivipa muda. Asubuhi nikaacha mandazi, nikanywa uji wa wimbi na ndizi. Mchana githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na kipande cha avokado. Wiki ya kwanza tumbo lilinguruma kama jenereta mbovu. Wiki ya pili likazoea.

Kwenye bucha ilikuwa vita. Mwenye bucha mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi, aliweka ubao wa mbavu mbele yangu, nikausogeza pembeni na kuvuta sahani ya kachumbari.

"Fundi, umeokoka kanisa gani linalokataza mbavu?"

"La daktari."

"Kachumbari peke yake? Hiyo friji itazima kesho!"

"Ikizima nitarudi bure."

Haikuzima. Inafanya kazi mpaka leo, na habari zikaenea kwamba friji za fundi wa kachumbari hazina kisirani. Ndivyo wanavyoniita sasa.

Asubuhi nilikimbia. Nilivaa viatu nilivyonunua Doha, nikatoka Noonkopir kabla ya malori kuamka, nikaelekea upande wa uwanda ambako nyumba zinaisha na nyasi zinaanza. Siku ya kwanza nilikimbia hadi nguzo ya nne ya umeme nikashika magoti. Mchungaji mmoja mzee aliyekuwa akipeleka mbuzi alisimama kuniangalia.

"Ero," akaniita, kama tunavyomwita kijana, "nani anakufukuza?"

"Hakuna, mzee."

"Basi mbona unakimbia na hujaiba?"

Baada ya mwezi nilikuwa nampita nikiwa bado na pumzi ya kumsalimia, "Sopa!" naye akajibu, "Ipa!" na kuinua fimbo. Kazi za karibu niliacha pikipiki dukani nikaenda kwa miguu, sanduku la vifaa begani. Suruali zililegea. Nilikuwa najiona kwenye vioo vya maduka na kupunguza mwendo kidogo ili nijione vizuri.

Wiki sita zikaisha, nikarudi kliniki nikiwa na uhakika kuliko siku niliyokwenda kuchukua diploma. Hata nilikuwa nimenunua fremu.

Daktari akasoma, akageuza karatasi, akasoma tena. "Saba nukta moja."

"Ya nani?"

"Yako."

Nilimwambia mashine yake imeharibika na nikajitolea kuifungua. Alikataa. Akanivutia karatasi nyeupe akaniambia nitaje kila kitu, siku kwa siku. Nikataja. Jumatatu, Jumanne, yote hadi Ijumaa, anaandika huku anaitikia kwa kichwa.

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi sili sana. Nakunywa dawa."

"Dawa gani?"

Nikamweleza kwa fahari. Olkiloriti ni mti wa miiba, na magome yake huchemshwa ndani ya supu mpaka iwe nyekundu na chungu. Kwetu kila mtu anajua kwamba uchungu wa gome hilo hukata mafuta. Ndiyo maana wazee wetu walikula ng'ombe mzima porini na wakatembea hadi Tanzania. Mimi kama fundi nilikuwa nimeielewa hata zaidi: ukitaka kusafisha paipu za friji unapitisha kemikali kali, inasukuma uchafu wote nje. Kwa hiyo tangu nianze, badala ya bakuli moja la Koko, nilikuwa nakunywa mawili. La pili la kusafishia.

"Hiyo supu inachemshwa na nini?"

"Mifupa."

"Na nini tena?"

"Mkia kidogo."

"Mkia wa nini?"

"Wa kondoo."

Daktari alifunika mdomo kwa mkono, mabega yakatikisika. Aliponyamaza akasema, "Mimi sijui hilo gome linafanya nini. Lakini mkia wa kondoo najua unafanya nini. Wewe si fundi wa friji? Weka hiyo supu kwa friji, ilale, halafu ufungue mwenyewe."

Jumamosi hiyo nilimwambia Koko anifungie supu kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kwamba nitainywa nyumbani. Ulikuwa uongo, na niliuona ukimpita usoni, lakini alifunga. Nikaiweka kwenye friji ya maonyesho dukani kwangu, ile ya mlango wa kioo niliyoitengeneza kwa mikono yangu mpaka inashika baridi kuliko mpya ya dukani. Jumapili asubuhi, nikiwa nimeshavaa shati la kanisani, nikaifungua.

Supu ilikuwa chini, nyekundu, safi. Juu yake yamekaa mafuta meupe, magumu, unene wa kidole changu. Niliinamisha chupa. Supu ilienda upande, mafuta hayakusogea. Nikabisha kwa bisibisi: ko, ko, kama unagonga mlango.

Niliketi kwenye kiti cha wateja nikiwa nimeishika ile chupa mapajani. Ndani ya kila friji kuna paipu moja nyembamba, nyembamba kama uzi wa kushonea viatu. Ikiingia nta kidogo tu, imeziba. Kompresa haijui kwamba imeziba. Inaendelea kusukuma, inasukuma, inapata moto, na siku moja mwenye bucha anafungua mlango anakuta kimya. Nimeona kompresa mpya kabisa zikifa hivyo. Nimewaambia watu mara mia, haikufa kwa uzee, imekufa kwa kusukuma mahali palipoziba. Na sikuwahi hata siku moja kulifikiria neno hilo pamoja na baba yangu, akiwa amesimama mnadani na kamba mkononi.

Kanisani sikwenda. Nilikimbia, na shati la kanisani.

Wiki nzima nilitafuta maneno. Kukataa bakuli la Koko si kama kukataa mbavu za bucha. Ni kumwambia kwamba heshima yake ni sumu. Mwishowe niliacha maneno nikaibeba ile chupa yenyewe, katikati ya barafu, mpaka Kajiado. Kutoka mjini hadi bomani nilitembea, kama saa moja na nusu, na nilipofika alikuwa ameketi nje akitunga shanga.

"Mbona unanirudishia supu yangu?"

Nikaitoa nikampa. Aliigeuza kwenye jua. Nikafungua kifuniko, akapitisha kidole juu ya ule weupe.

"Huu ni mkia."

"Ndiyo, Koko. Huu ndio ulikuwa unaingia ndani yangu. Daktari amepima mara mbili. Unaziba mishipa ya moyo."

"Na mti?"

"Mti uko chini, kwenye supu. Haukuugusa."

Mbuzi mmoja alikuja akanusa barafu akaondoka. Kisha akasema, akiwa bado anaitazama chupa, "Baba yako alikuwa anapita hapa kila siku ya mnada. Hakuwahi kwenda bila bakuli."

"Koko, daktari anasema mambo kama haya yanakuja pia na damu. Hakuna mtu anayejua ni—"

"Nyamaza kwanza."

Aliingia ndani akatoka na kijiko chake cha zamani cha pembe. Akakizungusha pembeni ya chupa, taratibu, akayainua yale mafuta yote kwa mara moja, duara zima, kama anavyofunua sufuria. Akayaweka kwenye kipande cha ngozi.

"Haya ni ya kulainishia ngozi za kitanda," akasema. Kisha akanisogezea chupa. "Kunywa iliyobaki."

Nikanywa. Ilikuwa baridi na chungu mpaka masikio yakavuta.

"Koko, ni chungu kuliko zamani!"

"Basi sasa ndiyo imekuwa dawa," akasema, akarudi kwenye shanga zake. Lakini niliona alikuwa ametunga tatu nyekundu mahali pa nyeupe, na Koko hakosei shanga.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea friji. Ndogo, ya sola, niliyoiunda kutoka kwa vipande vya friji mbili zilizokufa, na sijui fundi mwingine Kajiado nzima anayeweza kufanya hivyo. Nilipanda juu ya paa la mabati nikafunga paneli huku majirani wakitazama. Koko aliingiza mkono ndani, akautoa, akauingiza tena. "Umeleta Julai ndani ya nyumba," akasema. Kuanzia hapo alichemsha supu Ijumaa, akailaza kwenye friji, na Jumamosi nikifika ananingoja na kijiko chake cha pembe. Hakuniruhusu nitoe mafuta mwenyewe. Ilikuwa kazi yake, na aliifanya mbele yangu kila mara, mpaka kwenye ukingo, kisha ananiinulia chupa nikague. Mkia hakuutia tena. Hata kile kidogo kilichotoka kwenye mifupa alikiwinda.

Siku ya kipimo cha mwisho alisema anakuja. Koko hapendi Kitengela, anasema watu wake wanatembea kama wanaotafuta kitu kilichopotea. Alikuja na shuka yake nyekundu na shanga zote za shingoni, akaketi kwenye benchi la kliniki kimya, fimbo katikati ya magoti. Nami niliyebeba kompresa ghorofa nne nilikuwa nimeshika pindo la shuka yake bila kujua.

Daktari alitoka mwenyewe. Hakungoja tuingie.

"Tano nukta moja!"

Nikaruka. Sikumbuki kupanga kuruka, lakini taa ya dari ilikuwa karibu sana na kichwa changu. Mama wa maabara alipiga kigelegele kutoka ndani. Koko alinivuta chini kwa mkono.

"Anasema nini? Imeshuka?"

Daktari aliweka mkono usawa wa bega lake, "Ilikuwa hapa," akaushusha mpaka kiunoni, "sasa iko hapa. Akiendelea hivi, hakuna dawa kwa sasa. Arudi baada ya miezi sita, na asiache kuja kila mwaka."

Koko alisimama, akanishika kichwa kwa mikono miwili na kunitemea mate utosini, baraka kama ile aliyonipa siku nilipokwenda Doha. Kisha akamgeukia daktari, naye akapata yake, miwani na yote. Alisimama akiwa ameduwaa, akaipangusa miwani kwa koti huku anacheka.

Nilikuwa nimeibeba ile fremu niliyoinunua mapema. Nilinyoosha mkono nichukue karatasi, Koko akaniwahi.

"Hii ni yangu," akasema. Hajui kusoma. Aliikunja mara mbili akaitia ndani ya shuka, upande wa moyo, na hakuna aliyebishana naye. Ndiyo maana ukutani kwangu mimi nina ile mbaya.

Jumamosi iliyofuata nilifika bomani nikiwa na kiu, nimetembea tangu mjini. Nikafungua friji mwenyewe. Kwenye rafu ya juu, kando ya chupa ya supu, palikuwa na mfuko wa plastiki umefungwa fundo gumu, na ndani yake karatasi yangu.

"Koko, karatasi haiozi. Haihitaji baridi."

Alikuwa mlangoni na kijiko chake. "Si wewe uliyeniambia? Kitu ambacho sitaki kiharibike nikiweke humo."

Nikairudisha mahali pake na kuusukuma mlango polepole, nikasikia mpira ukishika pande zote nne, imara, bila kuvujisha hata pumzi moja ya baridi. Hiyo ni kazi yangu mimi.